Herufi Zisizo na Miguu

Nimeishi Laini Saba, Kibera, kando ya reli tangu nikiwa mke mchanga. Nimeruka mitaro yenye kila uchafu wa binadamu huku karai la samaki liko kichwani, na sijawahi kutapika. Mtaro ni mtaro, haujifanyi mto. Kinachonigeuza tumbo ni mtu mzima, amefunga tai, anaona kitu kimeharibika, na badala ya kukitazama hicho kitu anamtazama mwanamke aliyekaa karibu nacho.

Nasema juu ya mdogo wangu na taipureta yake. Shule niliiacha darasa la pili, kwa hiyo mtu asiniulize majina ya vyuma. Nitasema nilichokiona.

Mdogo wangu alisoma kunishinda, akajifunza kupiga chapa. Ofisi moja ya mjini ilipofungwa, alinunua mashine yao kuukuu, nzito kama mbuzi aliyegoma kutembea, akaiweka juu ya meza Kawangware karibu na stendi inayoitwa Hamsini na Sita, chini ya kibaraza cha duka la misumari. Aliandika barua za watu wa kuomba kazi na kadi za harusi. Lakini kazi iliyomlisha ilikuwa mitihani. Kulikuwa na shule moja ya harambee, sitaitaja, na kila mwisho wa muhula mwalimu mkuu alimletea maswali ayapige kwenye stenseli.

Stenseli ni karatasi laini yenye nta, rangi ya buluu iliyoiva. Herufi haitiwi wino pale, inachonga. Ukimaliza, karatasi inavishwa kwenye mashine nyingine ya kuzungusha kwa mkono, wino unapenya kwenye ile michongo, na karatasi za darasa zima zinatoka zinafanana. Ili herufi ichonge vizuri lazima igonge nta ikiwa uchi, bila ribini ya wino katikati. Kwa hiyo taipureta ile ilikuwa na kijiti pembeni chenye madoa. Ukikiweka kwenye doa jeusi, ribini inapanda na unapata maandishi meusi. Ukikiweka kwenye jekundu, unapata mekundu. Ukikiweka kwenye jeupe, ribini inatulia chini, haipandi kabisa. Jeupe ndilo la stenseli. Mdogo wangu alinionyesha mara nyingi, kwa sababu alikipenda kile kijiti kama mtu anavyopenda kisu chake cha jikoni.

Mwaka huo alikuwa mjamzito. Aliyempa mimba alikwenda Mombasa kutafuta kazi, na nadhani bado anaitafuta.

Kabla ya mitihani mashine ilianza kulia, kila ukigusa inalia. Akaileta Kibera kwa fundi mmoja aliyekuwa na kibanda cha mabati nyuma ya jiko langu la samaki. Fundi huyo alitengeneza redio, cherehani, pasi, chochote. Hodari alikuwa, siwezi kumnyima hilo. Lakini nilimwona kwa macho yangu akichokoa uchafu ndani ya herufi kwa pini, ule utomvu mweusi wa wino na nta na vumbi, halafu pini hiyohiyo akajichokolea meno huku akiniuliza habari za asubuhi. Sikumjibu. Ningejibu ningetapikia samaki wa watu.

Mashine ilirudi Kawangware kimya kabisa. Barua zilitoka safi. Kila mtu akafurahi.

Ikafika mitihani. Stenseli ya kwanza ikaenda shuleni, ikazungushwa, karatasi zikatoka kama zimeandikwa na moshi. Mwalimu mkuu akaja nazo mwenyewe. Mimi nilikuwa pale, nimempelekea mdogo wangu chakula cha mchana.

"Madam," akasema, "hii ni nini?"

"Sijui mwalimu. Nimepiga kama siku zote."

Hakuitazama mashine. Nataka hilo lijulikane. Mashine ilikuwa mbele yake, ina vyuma, ina meno, na mtu aliyesoma mpaka chuo hakuiangalia hata kidogo. Aliangalia tumbo la mdogo wangu vile mtu anavyoangalia nyama ikining'inia buchani.

"Miezi mingapi?"

"Inaelekea sita."

"Ndiyo hiyo. Mwanamke akiwa na mzigo, nguvu zote zinaenda huko. Vidole vinabaki vya kushikia kijiko tu. Hebu nibane mkono."

"Mwalimu?"

"Nibane mkono, nione."

Akanyoosha mkono wake pale stendini, makanga wa matatu wanaangalia, mwenye duka la misumari anaangalia. Na mdogo wangu, kwa kuogopa kazi, akaushika akaubana. Kijana mmoja akapiga mluzi. "Mbane, mathe! Mtoe maji!" Mwalimu akacheka, akajipangusa mkono kwenye pazia la duka, akasema, "Umeona? Kama mtoto mchanga." Kisha akasema mpaka Jumatatu anataka stenseli zote zikiwa zinasomeka, na kama haziwezekani hakuna ubaya, kazi ataipeleka mjini, na mdogo wangu apumzike mpaka mtoto akue.

Mtoto akue! Utafikiri mtoto anakua kwa kula upepo.

Baada ya hapo kila mtu akawa daktari. Mwenye duka akasema stenseli ni mbaya, mdogo wangu akanunua za aina nyingine. Zikatoka vilevile. Msichana wa saluni akasema wino wa shule ni mwepesi. Mdogo wangu akaenda kuuangalia, akakuta karatasi za mwalimu mwingine zilizopigwa kwingine zinatoka nyeusi kwa wino uleule. Akajaribu kugonga kwa nguvu zaidi, akagonga mpaka herufi ya "o" ikakata nta ikaanguka kaduara kazima, karatasi ikajaa matundu kama imeliwa na mende. Maneno yakawa bado hayasomeki.

Wanawake wa ploti aliyopanga nao wakaja. Mmoja akasema mimba ya msichana ndiyo hunyonya vidole. Mwingine akaleta supu ya matumbo yasiyooshwa sawasawa, unaiona ile kijani inaelea juu, akasimama pale mpaka mdogo wangu akainywa yote. Nikasema wewe, acha kumpa mtu uchafu. Akaniambia, "Mama, uchafu ndio una nguvu."

Lililoniudhi kuliko supu ni kwamba mdogo wangu alianza kuamini. Nilimkuta siku moja anapiga chapa akiwa amesimama, amejifunga leso kiunoni, ili uzito wa mwili ushuke mikononi. Jasho linamtoka.

"Unafanya nini?"

"Dada, labda ni kweli. Labda mkono umeenda."

"Huo mkono jana umekanda unga wa chapati za nyumba nzima."

"Unga si stenseli."

"Kwani mimba imeanza jana? Ile mitihani ya muhula uliopita ulipiga ukiwa huna?"

Akahesabu moyoni. "Nilikuwa nayo," akasema. "Ilikuwa changa, lakini nilikuwa nayo." Halafu akachukua kijitambaa akaendelea kufuta mashine, kama vile nimesema jambo la mvua.

Nikarudi Kibera nimekasirika. Karatasi zake za majaribio, zile zilizozungushwa shuleni, nilizibeba, kwa sababu karatasi haitupwi na mimi nilihitaji za kufungia samaki. Zilikuwa na maneno ya kujazia tu, si mtihani.

Kesho yake akaja mteja wangu, mama mmoja mnene wa kutoka Kitui, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya reli. Alikuwa akipigia kanisa lake chapa, nyimbo na matangazo. Nikamfungia samaki wake. Hakuondoka. Akamtoa samaki kwenye karatasi, akamshika mkononi mafuta yakichuruzika mpaka kwenye kiwiko, akainua karatasi kwenye mwanga.

"Mama, siku hizi unafungia watu samaki na mtihani?"

"Ungekuwa mtihani ningekuuzia bei nyingine. Ni majaribio ya mdogo wangu."

"Ana ugonjwa gani?"

"Wanasema mimba. Wanasema mkono umelegea."

Akacheka mpaka samaki akatikisika. "Mimba inakata herufi miguu? Angalia hapa. Mkono ukilegea, herufi nzima inalegea. Hizi zina vichwa vizuri kabisa. Zimepotea kuanzia kiunoni kwenda chini."

Nikaangalia. Mimi kusoma nasoma polepole, lakini kuona naona. Kweli, kila herufi ilikuwa na kichwa cheusi, na chini ilikuwa ukungu. Mstari mzima, watu wamesimama kwenye maji mpaka kiunoni. Na tulikuwa tumezitazama karatasi hizo sote, mwalimu, mwenye duka, mdogo wangu, mimi, tukaona weupe tu, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshaambiwa sababu.

Jumamosi nikafunga jiko mapema. Tukakata katikati ya mtaa wa Ayany, mimi na yule mama, tukatokea Barabara ya Ngong, tukaenda kwa miguu mpaka Kawangware. Alikuwa amebeba stenseli yake mwenyewe ndani ya Biblia isijikunje.

Alipofika hakumuuliza mdogo wangu habari za tumbo. Alisema, "Nipishe nikae." Mdogo wangu akampisha, akasimama kando. Yule mama alikuwa na vidole kama ndizi, mkono ambao hakuna mwalimu angeuomba umbane. Akaweka kijiti kwenye doa jeupe, akaanza kupiga, meza ikatetemeka, misumari ikalia kwenye makopo yake dukani.

Mdogo wangu hajawahi kuitazama mashine yake ikipigwa na mtu mwingine. Siku zote yeye ndiye aliyekuwa amekaa, na macho yake yako kwenye karatasi anayonakili, ndivyo walivyofundishwa. Sasa alikuwa amesimama ubavuni. Ghafla akapiga kelele.

"Ngoja! Mama, ngoja. Piga moja tu. Polepole."

Yule mama akapiga moja.

"Inapanda," akasema mdogo wangu. "Ribini inapanda. Iko kwenye jeupe na inapanda."

Haikupanda yote. Ilipanda nusu, ikaziba miguu ya herufi, vichwa vikabaki vinachonga peke yao. Wino wake ulikuwa unaingia kwenye stenseli, lakini nani ataona weusi juu ya buluu ile? Wakafungua kifuniko cha mashine, vichwa viwili vimeinama, mimi nashikilia bisibisi. Mahali palipokuwa na springi ndogo, ile ya kuvuta ribini chini, palikuwa na kipande cha tyubu ya baiskeli kimefungwa fundo. Kilikuwa kimeloa mafuta, kimenasa nywele na mguu wa mende. Mdogo wangu akakigusa, akarudisha kidole haraka.

"Hiki hakikuwepo," akasema.

Yule mama wa Kitui akakaa chini taratibu. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Ngoja," akasema. "Mashine ya kanisa doa jeupe lilikuwa limekufa tangu mwaka jana. Nilimpelekea fundi wiki ileile aliyokuwa na hii yako. Ikarudi inafanya kazi. Nikamshukuru Mungu kwenye ibada, mbele ya watu."

Nikafunga kifuniko cha mashine. Tulikuwa tumeelewa.

Tuliirudisha mashine Kibera jioni hiyo kabla jua halijatua, nimeibeba mimi, kwa sababu sikutaka mtu yeyote aseme imeharibiwa na mimba njiani. Fundi alikuwa kwenye kibanda chake akila githeri, mahindi na maharagwe, kwa mkono. Alipotuona watatu akaweka sufuria chini.

"Karibuni kina mama. Imeanza kulia tena?"

"Springi ya mashine hii iko wapi?" nikamuuliza.

"Springi gani? Hiyo ndivyo ilivyozaliwa."

Mdogo wangu akatoa karatasi ya mtihani wa muhula uliopita, yenye herufi zenye miguu yote, akamwekea juu ya goti, halafu akaweka ya sasa juu yake. "Ilizaliwa hivi," akasema. "Ukaifanya hivi."

Fundi akazitazama. Nitasema ukweli, hakuendelea kukana. Alifanya kitu kibaya zaidi, akaeleza.

"Sikia mama. Springi ile haipatikani Nairobi hii. Ya kanisa ilikuwa imekatika. Nikaona, hii ni mashine ya biashara, hii nyingine ni ya Mungu. Nikaonelea ya Mungu itangulie. Yako nikaiwekea mpira. Nikajaribu nyeusi, ikafanya. Nikajaribu nyekundu, ikafanya. Nyeupe mtu wa barua ataitumia wapi? Hukuniambia unatumia nyeupe."

"Na ungeniuliza?" mdogo wangu akasema.

"Wateja hawapendi maswali."

"Kwa hiyo uliiba," akasema yule mama wa Kitui, "ukaniwekea wizi kwenye nyimbo za Bwana."

"Sikuiba, nilihamisha. Springi bado iko Kibera."

Karai langu lilikuwa karibu, na nilifikiria kumpiga nalo. Nadhani aliona. Akainuka haraka, akavuta taipureta nyingine iliyokuwa kwenye rafu, imefunikwa kitambaa, ya mtu mwingine kabisa. Akaichungulia ndani. "Basi msikasirike. Hii inayo. Dakika moja." Na akachukua koleo, pale pale, mbele yetu, bila hata kugeuka upande. Vidole vyake bado vilikuwa na maharagwe.

Mimi ningekubali. Jumatatu ilikuwa karibu, na mwenye mashine hiyo sikumjua. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo kusema fanya haraka.

Mdogo wangu akamshika mkono. "Acha."

"Mama, inakaa vizuri kabisa—"

"Nimesema acha. Huyo naye ataambiwa mkono wake umelegea."

Fundi akamtazama kama mtu aliyesikia lugha ya kigeni. Yule mama wa Kitui akasema basi atairudisha ile ya kanisa, kesho baada ya ibada, hata kama mchungaji atanuna. Mdogo wangu akakataa na hiyo. Alisema nyimbo nazo ni za watu. Akakaa kwenye kigoda changu, akafungua ribini yote, magurudumu mawili pamoja na utepe wake, akaitoa kabisa, akaiweka kwenye karatasi ya samaki. Akakata ule mpira kwa kisu akautupa.

"Bila ribini hakuna cha kupanda," akasema.

Yule mama akajipiga paji la uso. Lilikuwa jambo jepesi hivyo. Kila mpiga chapa alilijua, mashine ambayo haina doa jeupe hutolewa ribini. Lakini nani atatoa ribini kama tatizo liko kwenye tumbo?

Jumapili alipiga kutwa nzima nyumbani kwangu, amekaa, si amesimama. Taratibu, mkono wake uleule. Akija jirani yangu anayetaka barua, anairudisha ribini, anapiga barua, anaitoa tena. Vidole vyake vikawa vyeusi mpaka kwenye kucha, na kila mara ananawa kwa majivu asichafue nta. Nilimlisha mimi mwenyewe kwa mkono, samaki niliyemtoa miiba, na mtoto akawa anacheza tumboni mpaka gauni linatikisika.

Jumatatu stenseli zikaenda shuleni. Mwalimu mkuu akaja mchana na karatasi, nyeusi, safi, herufi zina miguu na vidole vya miguu. Nami nilikuwa nimekuja makusudi. Mdogo wangu akamwonyesha mashine, akamwonyesha mahali pa springi, akaweka karatasi mbili pamoja amwonyeshe vichwa na miguu.

Mwalimu hakuinama. Alitabasamu, lile tabasamu la mtu anayemsikiliza mtoto akieleza ndoto.

"Mambo ya springi mimi sijui," akasema. "Nilichokwambia si ndicho? Umepumzika kidogo, mkono umerudi. Mimi nina mke, nimeyaona haya."

Nikafungua mdomo. Mdogo wangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

"Asante mwalimu," akasema. "Na za muhula ujao nitapiga mimi?"

"Ukijifungua salama."

"Nitapiga."

"Basi tutakuletea."

Akaondoka na bahasha yake. Nikamgeukia. "Unamshukuru? Yule? Kwa nini hukumwambia akubane yeye mkono?"

Alikuwa tayari anairudisha ribini, kuna mtu alikuwa amesimama anangoja barua. "Dada, wewe unataka aseme nisamehe. Mimi nataka mitihani."

Nilikaa pale nikitazama watu wanavyoshuka stendini, mpaka hasira ikapoa kidogo. Haikupoa yote.

Muhula uliofuata mitihani ililetwa kweli. Mtoto alikuwa mgongoni, msichana, ana sauti ya king'ora. Mwalimu mkuu hakuja mwenyewe, alimtuma mwalimu wa michezo, kijana wa miguu mirefu. Huyo akaweka maswali mezani, akamtazama mtoto, akainamisha kichwa kwa huruma, akauliza kama kumbeba hakumpunguzii mama nguvu za vidole.

Nilimwambia aende zake.